Mwale wa Sita

Dundori,
Ijumaa, saa tisa alasiri.

Kwa dada yangu Wariara,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mama sijamwambia, na hata kwenye maombi huwa nalipitia haraka haraka katikati ya mengine. Leo nitakuambia wewe. Lakini wacha kwanza nikusalimie vizuri, kwa sababu nikianza na hilo nitaichana karatasi hii kama nilivyochana tatu za kwanza.

Hujambo, dada? Mtoto hajambo? Na kile kifua chako kinachobana wakati wa baridi, kimepoa? Sisi huku tuko. Mama ni mzima, isipokuwa goti. Baba ni mzima wa mwili, mengine utayasoma. Baridi ya Julai ilichoma viazi vya shamba la chini mpaka majani yakawa meusi, ukiyaona ungedhani yamemwagiwa maji moto. Yule ndama uliyempa jina Sue sasa ni ng'ombe mzima, amezaa mara mbili, na kiburi chake ni kile kile. Hashushi maziwa mpaka aimbiwe. Mama humwimbia nyimbo za kwaya, sauti ya pili, eti ya kwanza inamshtua.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu hapa ni moja, ile kabambe ya vitufe ya Mama, na kwenye simu mimi hukwama. Unanijua. Mtu akinisalimia "Sasa?" najibu "Poa," halafu maneno yananiishia. Mahali unapoishi nimejua jana tu kupitia kwa Njoki, jirani yetu wa upande wa juu, anayekuja kununua miche kwenye kitalu unachofanyia kazi. Nimepanga yeye ndiye akuletee barua hii.

Nikupe habari za shule kwanza, maana hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Niko kidato cha tatu. Mwaka huu Madam Chepkosgei, mwalimu wetu wa fizikia, alinichagua mimi na msichana mmoja anaitwa Jebet tufanye mradi wa maonyesho ya sayansi. Alisema tutafute shida ya hapa nyumbani, tuachane na volkano za soda. Jebet akasema shida ya hapa nyumbani ni maziwa. Unakumbuka vile watu husimama barabarani na mitungi yao, mvua ikinyesha, wakingoja pikapu ya ushirika ambayo hakuna anayejua itafika saa ngapi? Na dereva wa hiyo pikapu ni nani? Baba yangu. Kwa hivyo nikawa sina pa kujificha.

Madam alituambia tufikirie tochi. Ukiacha mwanga usambae kila upande, hautafika mbali. Ukiubana uwe mwembamba utafika hata Lanet, lakini lazima ujue unamulika wapi. Antena yetu ni vivyo hivyo, ila yenyewe haimuliki, inasikiliza. Tuliiweka juu ya mnara wa tangi la maji la shule, mahali unapoona bonde lote mpaka ziwani, tukagawanya dunia yake vipande vinane kama chapati. Kila kipande tukakiita mwale. Chini ya kiti cha pikapu ya Baba tukafunga kidude kinachotoa ishara kila nusu dakika. Baba alikubali, akauliza tu kama kitamaliza betri ya gari.

Sasa shida ni hii. Antena inaweza kusikiliza mwale mmoja tu kwa wakati mmoja. Ikizunguka yote minane kila mara, betri yake inakwisha kabla ya saa sita, na inaporudi mahali ilipoanza, gari limeshapita kona mbili. Kwa hivyo lazima ichague. Inachagua kwa kukumbuka gari lilisikika wapi mara ya mwisho, lilikuwa linakimbia vipi, na siku zingine likitoka mwale wa tatu huwa linaingia upi. Hiyo kazi ya kuchagua ndiyo nilipewa mimi. Jebet alipewa kuongea.

Nilikaa na kompyuta ya Madam wiki mbili. Mwanzoni mashine yangu ilikuwa na kiburi kama cha Sue. Ikishamzoea Baba kwenye njia yake, haikutaka kusikiliza pengine, na siku aliyozunguka kwa sababu ya daraja bovu ikampoteza asubuhi nzima. Madam akaniambia niipe shaka kidogo. Mara moja katika kila kumi isikilize mwale ambao haitegemei kusikia kitu. Nikamwambia hiyo ni kupoteza betri. Akasema ndiyo, ni kupoteza betri, fanya hivyo.

Ikafanya kazi, dada. Ushirika ulitupa laini ya kutuma ujumbe, na watu wakaanza kupata habari kwenye simu zao kwamba gari liko kwenye kinu cha posho, litafika baada ya dakika kumi na mbili. Njoki alisema tangu azaliwe hajawahi kunywa chai ya asubuhi akiwa amekaa. Mzee Maina, mwenyekiti wa ushirika, alinishika mkono kanisani mbele ya watu, nikatazama viatu vyake mpaka akaniachilia.

Halafu ikaja Alhamisi moja ya Juni. Unajua mzunguko wa Baba. Saa kumi na mbili anabeba maziwa ya watu wa chini, saa tatu yuko Lanet kwenye mtambo wa kupozea, kisha anarudi kubeba ya watu wa juu saa nne. Alhamisi hiyo, gari lilipotoka kwenye mtambo, mashine ilisikiliza mwale wa tano ambao ndio barabara ya kurudi, haikusikia kitu. Ikajaribu wa nne. Kimya. Kisha ile shaka yake ndogo ikasikiliza mwale wa sita, na huko ndiko alikokuwa. Amesimama. Dakika thelathini na tano hajasogea. Alhamisi iliyofuata, hapo hapo. Na iliyofuata.

Mwale wa sita hauna mtambo, hauna petroli, hauna gereji. Nilijua tu kuna nyumba za kupanga. Wariara, nilifikiri vibaya. Nilifikiri Baba ana nyumba nyingine. Unajua vile mama zetu wakisikia mzee fulani husimamisha gari mahali hawaulizi ni duka gani. Nilimwangalia Mama akimsugulia Baba kola ya shati nikaona kama mimi ndiye nimekosa.

Kwa hivyo niliufunga. Niliandika sifuri kwenye mwale wa sita, mashine ikaamini kwamba huko hakufai kusikilizwa kamwe. Nilimdanganya Jebet kwamba nyani wamekata waya. Jebet akawatukana nyani wale kwa lugha mbili, na mimi nikamsaidia.

Nilidhani nimemficha Baba. Kumbe ndio nimemwanika. Mashine isipomsikia popote hukisia, na ilikisia kwamba anapanda kwa kasi yake ya kila siku. Basi kila Alhamisi ikawa inawatumia watu wa juu ujumbe kwamba gari linakaribia, nao wanatoa mitungi juani, na gari halipo. Zamani Baba alikuwa akichelewa Alhamisi na hakuna aliyehesabu. Watu walisema tu ni Alhamisi. Sasa wana dakika kwenye simu. Wiki ya tatu maziwa ya Njoki yalikataliwa mtamboni, lita kumi na nane, akawapa nguruwe.

Maneno yakaanza juu ya Baba. Eti Kang'ethe hupitia mtoni kuongeza maji. Eti anauzia hoteli za Lanet kabla ya kupima. Mmoja alimwuliza sokoni kama siku hizi anafuga samaki ndani ya mitungi, watu wakacheka, Baba akacheka pia, na hicho kicheko chake kiliniuma kuliko vyote. Mzee Maina akaomba rekodi zetu zichapishwe. Jebet akachapisha kwa furaha. Kila Alhamisi ina shimo jeupe katikati. Jumanne kamati ilimwita Baba, ikamwuliza huwa wapi kwa hizo dakika, naye akajibu kwamba gari huharibika kidogo. Kesho saa nane kuna mkutano wa wanachama katika ukumbi wa kanisa. Asipokuwa na jibu wanampokonya pikapu. Ni miaka kumi na minne ameiendesha, dada, na kila mtu ameshaanza kutaja kijana wa kumrithi.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilimwomba Njoki niandamane naye Lanet kwa miche. Nilimwambia nataka kuona kitalu. Nilitaka kuona mwale wa sita una nini. Nilimwacha akipatana bei ya miche ya mikima, nisijue kwamba wewe unafanya kazi humo humo, nikafuata ua wa michongoma mpaka mahali ambapo kwa hesabu zangu gari lilipaswa kuwa. Lilikuwapo. Pikapu ya bluu, chini ya mti, kioo kimeteremshwa, Baba ndani na kofia mkononi. Nilijificha nikingoja mwanamke atokee.

Hakutokea mwanamke yeyote. Kengele ililia upande wa pili wa ua, na watoto wa nasari wakamwagika uwanjani na vikombe vyao. Mmoja alikuwa anakimbia miguu mitupu. Mwalimu akaita kutoka mlangoni, "Kang'ethe, vaa viatu!"

Wawili walishtuka. Mtoto alisimama, na Baba ndani ya gari akanyoosha mgongo kama ameitwa yeye.

Sikujua, dada. Wallahi sikujua, kama wasemavyo watu wa duka la kona. Hakuna aliyeniambia mtoto anaitwa nani. Hapa hutajwi, kwa hivyo yeye pia hatajwi. Lakini hesabu yake ni rahisi, kila mtu wa kwetu anaijua. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, na asipokuwapo mume huitwa la baba wa msichana. Ulifukuzwa kwenye mlango wake na bado ukampa jina lake. Ana paji lako la uso. Anakimbia vibaya kama mimi.

Nilipomhoji Njoki njiani alisimama akacheka mpaka akaweka miche chini. Alisema yeye ndiye aliyempelekea Baba habari, miaka miwili na nusu iliyopita, akipakia mtungi. Alimwambia hivi: "Kang'ethe, umezaliwa tena huko Lanet, na una jino moja." Baba aliandika lita zake, akafunga kifuniko, akapanda gari. Lakini alikosea kuandika, Njoki anasema. Alimwandikia lita mia moja.

Kuna kitu kingine nilikiona hapo langoni. Kabla ya kuondoka Baba alimwita mpishi wa nasari akampa ile chupa yako ya chai, ya kijani, yenye mkono uliovunjika. Wewe unajua kwamba Alhamisi mtoto wako hunywa maziwa shuleni? Ulidhani ni ya mwalimu? Ni ya Sue. Hayapiti kwenye mzani wa ushirika, yanatoka kwenye ndoo yetu wenyewe. Na nilipokumbuka kwamba kila Jumatano jioni Mama huisugua chupa hiyo kwa majivu na maji moto, eti ni ya chai ya dereva, nilibaki nimesimama. Baba hanywi chai barabarani. Mama anajua. Sidhani wamewahi kuliongea. Yeye huosha tu, mwingine hubeba.

Tangu uondoke Mama aliacha kumwita Baba Wariara. Alianza kumwita Baba Tabby, na mimi sikuwahi kulipenda, nilijiona kama nimevaa sweta yako bila kuomba. Jana jioni Baba alikuwa amekaa bila kula, akiangalia barua ya kamati. Mama akamwekea sukuma juu ya ugali akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kula, Baba Wariara." Hakuna aliyemsahihisha. Baba alikula.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Nimeinuka nikafunga dirisha, nikalifungua tena, nikarudi.

Siku uliyoondoka, mimi nilikuwa nakata nepia, majani ya ng'ombe, kando ya barabara. Nilikuona ukitoka na mfuko wako, ukashika njia ya mguu inayoshuka Lanet. Uliniona. Uliweka kidole mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na ulikuwa hujawahi kuniomba siri kubwa hivyo, nikajisikia mtu.

Haikupita saa moja, Baba akatoka nyumbani. Najua maneno aliyokuambia asubuhi, niliyasikia kupitia ukutani, sitayarudia. Lakini alitoka bila koti, dada, na viatu viwili tofauti, akaniuliza umepita wapi. Na mimi nikanyoosha panga juu. Nilimwelekeza Ol Kalou.

Alienda. Alisimama kila duka, kila steji, akiuliza kama kuna aliyemwona msichana mrefu na mfuko. Alirudi jioni mafuta yamekwisha, pikapu ikisukumwa na wanaume wawili. Alikaa kwenye ngazi, akasema jina lako lisitajwe. Sote tulidhani ni hasira. Ukiniuliza leo, nadhani ni kwamba alikuwa amelitaja siku nzima kwa watu arobaini na wote wakamwambia hawakukuona.

Ningesema kesho yake. Ningesema wiki ile. Kisha nikaona siku zimekuwa nyingi, nikawa naogopa kwamba nikisema sasa wataniuliza kwa nini sikusema jana. Kwa hivyo wewe umekaa huko miaka mitatu na nusu ukiamini kwamba hakuna aliyekutafuta, naye amekaa hapa akiamini ulipotea bila kutaka kuonekana. Mtu aliyekuwa katikati yenu ni mimi, na panga langu likielekeza kusikofaa. Na mwaka huu, nilipopewa mashine ya kujua mtu yuko wapi, nikafanya vile vile. Nisamehe, Wariara. Sijui nitaandikaje zaidi ya hapo.

Leo asubuhi nilipanda shuleni nikaufungua mwale wa sita. Nilimweleza Madam kila kitu, nikamwambia Jebet kwamba nyani hawana hatia. Jebet alikasirika kwa dakika kumi, kisha akajitolea aniongelee kesho kwenye mkutano. Nilikataa. Nitasimama mwenyewe nimwambie Mzee Maina kwamba lile shimo jeupe ni langu, si la Baba, na maziwa ya Njoki yaliharibika kwa sababu ya sifuri niliyoiandika kwa mkono wangu. Nimejaribu kulisema mbele ya Sue. Alinitazama akicheua, lakini hakuondoka.

Wataniuliza pale kwenye mwale wa sita kuna nini. Hilo si langu kulisema. Ni lake, na ni lako. Ndiyo maana lazima Baba ajue kabla ya kesho, na njia ninayoijua ya kumwambia mtu kitu ni hii ninayoifanya sasa.

Msalimie sana mtoto, mwambie ana shangazi, hapana, mama mdogo, asiyejua kuongea lakini anajua kuchora ng'ombe. Salimia rafiki zako wa kitalu. Mama hajui naandika, lakini kama angejua angetuma salamu na kitambaa cha kufunika kifua chako, kwa hivyo chukua salamu, kitambaa kitafuata. Mungu akutunze.

Pikapu imeingia. Naisikia ikizimwa karibu na boma la Sue. Mara nne leo mlango umelia, na mara nne nimesukuma karatasi hii chini ya kitabu cha jiografia. Mama mara mbili, paka mara moja, upepo mara moja. Sasa ni gambuti zake kwenye ngazi. Anazigonga matope, kushoto, kulia, kushoto. Kitabu cha jiografia nimekirudisha kwenye rafu. Karatasi zote ziko mezani, ukurasa wa kwanza juu, jina lako linaonekana kutoka mlangoni.

Barua hii ikikufikia kwa mkono wa Njoki, jua kwamba nimeshindwa tena, na bado nakupenda. Lakini ikikufikia siku isiyo Alhamisi, kwa mkono wa mtu aliyevua kofia, usimwulize amepajuaje kwako. Mfungulie.

Ni mimi mdogo wako,
Tabby